Ngisi wa bosi

SWALI: Nimehamia Hong Kong kikazi na Kikantoni bado najikokota nacho. Juzi mwenzangu alisema bosi amemkaangia ngisi. Nikamwambia hongera, akanikodolea macho. Nilikosea wapi?

JIBU: Masikini, mwenzio kafukuzwa kazi! Kitenzi ni caau, tamka "chau": kukaanga kwa moto mkali huku unageuzageuza. Ngisi akiingia kaangoni hujikunja kama mkeka, na zamani mfanyakazi aliyelala kwa tajiri wake, akiachishwa, alikunja matandiko akaondoka. Wanaonunua hisa au nyumba ili wauze upesi kwa faida nao husemwa "wanakaanga".

Hata mimi yamenikuta. Niliambiwa fulani "anachemsha uji wa simu", nikasubiri bakuli. Kumbe yuko kwenye simu, soga haziishi! Hapo kitenzi ni bou, kuchemsha taratibu kwa muda mrefu.

Sik, yaani kula, hakitakusumbua. Sisi tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara. Wao wanakula sigara, na aliyetongoza akakataliwa amekula limau.

Sasa kamtafute mwenzio umwombe radhi.