Igeuze Picha Kwanza

Wiki yako ya kwanza kwenye karakana ya kusafisha na kutengeneza picha za zamani za rangi, mkono utakuwasha. Umewekewa picha ya bibi fulani wa zamani, vanishi imekolea kama chai ya rangi, na pamba iko pale pale mezani. Usiiguse. Igeuze picha, uanze na mgongo wake.

Mbele, kila aliyepita amepaka alichotaka. Nyuma mafundi hawajisumbui kuficha: utakuta misumari, viraka, namba za mnada, mihuri. Makumbusho ya Carnegie huko Pittsburgh, Marekani, walikuwa na picha iliyosemekana ni ya Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala wa Florence wa karne ya 16. Uso wake ulikuwa laini mno, hata mtaalamu wao wa sanaa akashuku ni ya kughushi na kutaka waachane nayo. Mhifadhi wao, Ellen Baxter, akaona nyufa za rangi ni zile za picha ya ubao, ilhali picha yenyewe iko kwenye turubai, yaani kitambaa cha kuchorea. Na nyuma palikuwa na muhuri wa Francis Leedham, fundi wa London wa karne ya 19 aliyekuwa akihamisha picha kutoka kwenye mbao kwenda kwenye turubai. Eksirei ikaonyesha uso mwingine chini, wa mwanamke mnene kidogo, mwenye vifuko chini ya macho. Ni Isabella de' Medici, bintiye Eleonora. Yaelekea alirembwa ili apate mnunuzi. Mwaka 2014 wakamweka ukumbini na uso wake mwenyewe.

Ukimaliza mgongo, zima taa, umulike kwa urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho. Vanishi ya zamani ya utomvu hung'aa kijani kijani, na viraka vya rangi vilivyopakwa juu yake huonekana vyeusi. Viraka vilivyo chini ya vanishi nene huenda usivione kabisa, kwa hiyo giza likikuonyesha picha safi, usishangilie.

Kwa uchafu wa juu tunatumia mate. Ndiyo, mate, kwenye pamba iliyozungushiwa kijiti. Yana kimeng'enya, yana uvuguvugu, na ni ya bure. Vanishi ndiyo inayohitaji kemikali, na hapo jaribu pembeni kwanza, eneo dogo kama punje ya mchele.

Mimi niliwahi kunogewa. Nilikuwa kwenye shavu la mzee mmoja mfanyabiashara, kila pamba inatoka na manjano, ngozi inazidi kung'aa. Nikaacha kutazama pamba, nikawa natazama uso. Pamba ya saba ikatoka na wekundu hafifu. Haukuwa uchafu, ulikuwa utando mwembamba wa rangi ambao mchoraji aliupaka mwisho kabisa, ili shavu lionekane lina damu.

Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliichukua ile pamba kwa kibanio, akaitia kwenye kichupa, akaandika tarehe na namba ya picha, akaniwekea mezani. Bado kipo, karibu na taa.