Tafuteni sanduku kabla ya mgeni rasmi

Dada uliyeuliza vipi muanzishe umoja wa wajasiriamali wanawake wa Wete nzima, na jina, fulana na mgeni rasmi mshavipata: mie niko Micheweni, hapa hapa Pemba. Kikundi cha kwanza kilitufia, cha pili kina mwaka wa sita.

Cha kwanza tulikianza hivyo hivyo, kwa ukumbi, risala na picha. Mradi wa mfadhili ulipokwisha tukabaki na mashine ya kusagia mwani isiyo na mwenyewe. Fulana tulilimia.

Cha pili tulikuwa kumi na wanane na sanduku la akiba, la chuma, lenye kufuli tatu, funguo nyumba tatu mbalimbali. Hisa, yaani akiba ya kila mtu, kivyake, mfuko wa msiba na maradhi kivyake. Kilichotusumbua mwanzo si pesa, ni Jumatano. Tuliipanga siku ya kikao, na kila bamvu likiingia, yaani siku za maji kujaa sana na kupwa mbali, nusu ya watu wako pwani wanafunga mwani kwenye kamba. Wakulima wa mwani sote, na hakuna aliyelikumbuka! Sasa tunakaa siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali, mara mbili kwa mwezi mwandamo.

La pili ni riba. Bibi mmoja alisema wazi, "Penye ziada mie siweki changu," na watano wakainuka naye. Alikuwa na haki. Tukafuta ziada kwenye mikopo. Faida tukaitafuta kwenye biashara ya pamoja, sabuni ya mwani. Mwani mkavu bei anapanga mnunuzi, tena spinosum, mwani wa bei ndogo, ndiyo inayokubali kuota. Cottonii, aina nyengine yenye bei nzuri, inakufa maji yakipata moto. Sabuni bei unapanga wewe, ila inakaa kama wiki nne ikauke, na wiki hizo mtu anataka kula. Hapo ndipo mkopo wa sanduku unapofanya kazi khasa.

Umoja wenyewe ulikuja baadaye, bila kuutangaza. Vikundi vitatu vya shehia jirani vilichoka kununua mafuta ya nazi kidogo kidogo, tukachanga tukanunua mapipa. Kutoka hapo ndipo tulipokwenda kwa sheha, mkuu wa shehia, pamoja, na safari hiyo alitusikiliza.

Kwa hiyo fulana gaweni, kama mshalipa. Halafu tafuteni fundi wa sanduku, na kabla ya jingine lolote kubalianeni mwenyekiti asishike ufunguo. Wala dada yake.