Riwaya za Nyumbani Husomwa Hata kwa Miguu

Anayetaka kuonja utamu wa riwaya zilizoandikwa kuhusu nchi yake, ushauri wangu ni kwamba aanze na ile inayopita katika mtaa anaoujua, hata kama si hiyo inayosifiwa zaidi. Kwangu mimi, mkazi wa Nairobi, riwaya hiyo ilikuwa Going Down River Road ya Meja Mwangi, iliyochapishwa mwaka 1976, ambayo mhusika wake mkuu, Ben, ni kibarua katika ujenzi wa jumba refu jijini. Msomaji wa mbali sharti aelezwe River Road ni barabara ya namna gani, ilhali mimi naijua mikokoteni yake, kelele za makanga na harufu ya chipsi, hivi kwamba mwandishi akiitaja tu, yaliyosalia najijazia mwenyewe. Pia natambua pale anapotia chumvi, na raha ya kumsoma mwandishi huku ukiwa na haki ya kubishana naye haipatikani katika riwaya za ugenini.

Hata hivyo, mtaa unaoujua una enzi usizozijua. Katika Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka mwaka 1986, Paulina, msichana wa miaka 16, anawasili Nairobi kwa gari la moshi mwaka 1956 kumfuata mumewe anayeishi Pumwani, na akiisha kutoka hospitalini anapotea njia. Ilikuwa Hali ya Hatari, miaka miwili baada ya msako wa Aprili 1954 ambapo maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa jijini. Shuleni tuliyakariri hayo kama tarehe, lakini ukiyasoma kupitia kwa msichana anayetafuta njia ya kurudi nyumbani, kisha ukatembea Pumwani siku ya Jumamosi bila haraka, utaelewa jinsi mji ulivyoweza kumtisha mtu aliyeingia humo bila jamaa wala ramani.

Zirudie pia riwaya teule ulizosomea mtihani. Nasikitika sana kuona watu wazima wakiikwepa Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, kwa kuwa inawakumbusha maswali ya dondoo, ilhali safari ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake ni hadithi ya kusomwa kwa starehe, na Kiswahili chake ni kitamu mno kuachiwa watahiniwa peke yao.

Kuhusu gharama, wauzaji wa vitabu vya mitumba wa katikati ya jiji huwa na riwaya hizi kwa bei nafuu, na maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ipo Barabara ya Banda. Na ikiwa nyumbani kwenu kuna mzee aliyeijua Nairobi ya zamani, msomee sura moja kwa sauti, umruhusu akukatize kila anapotaka, kwa maana atakueleza ni duka gani lilikuwa wapi na mwandishi ameacha nini.