Je, unga wa papai utanifanya niweze kunywa maziwa?

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 46. Siku hizi nikinywa chai ya maziwa tumbo linajaa gesi na kuunguruma, mara nyingine naharisha. Muuza virutubisho kaniambia vimeng'enya vyangu vimekwisha. Kaniuzia unga wa papai nikoroge kwenye maji yanayochemka, na maji ya alkali ninywe baada ya kila mlo. Niendelee? – Msomaji, Tanga

Jibu: Usiendelee, dada yangu. Yaelekea kinachokusumbua ni laktosi, sukari ya maziwa. Huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho laktasi kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na kwa watu wazima wengi laktasi hiyo hupungua tu kadiri umri unavyosogea. Kunywa mtindi, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi, au punguza maziwa kwenye chai uone.

Sasa huo unga. Kimeng'enya cha papai, papaini, hukata protini. Wachoma mishkaki wanakijua: nyama ngumu ukiipaka papai bichi ukaiacha, inalainika mpaka inachambuka kwa vidole. Lakini laktosi hakiigusi, maana kila kimeng'enya kina umbo linalopokea kitu chake tu. Umbo hilo ndilo linaloharibiwa na maji yanayochemka, na ukishayapoza halirudi. Papaini itakayosalimika itakutana na tindikali ya tumbo, ambayo mtu akiwa hajala huwa pH 1.5 hadi 3 (pH ni kipimo cha tindikali, na namba ikiwa ndogo tindikali ni kali zaidi), nayo huko haidumu.

Linalonichosha zaidi ni hili la kuwatisha watu kwamba vimeng'enya vyao vimekwisha. Kimeng'enya kikimaliza kuvunja molekuli moja, kinashika nyingine. Vinavyochakaa, mwili unaunda vingine kila siku kutokana na protini ya chakula cha kawaida. Wapo ambao kongosho lao limeshindwa kweli: wanakonda, kinyesi kina mafuta na kinaelea. Hao tunawapa vidonge vya vimeng'enya vyenye utando unaohimili tindikali, kwa kipimo, wameze pamoja na chakula. Kukoroga unga kwenye maji ya moto si tiba yao pia.

Na maji ya alkali? Pepsini, inayoanza kuvunja protini tumboni, hufanya kazi vizuri kwenye pH ya karibu 2. Kama maji hayo yangeondoa tindikali kweli, yangeizima pepsini hiyo. Tena mwili hauyangoji: chakula kikiingia utumbo mwembamba, kongosho linamwaga bikaboneti yake lenyewe, kemikali inayopunguza tindikali, na damu inabaki pH 7.35 hadi 7.45.

Wauzaji hawa hawampimi mtu hata presha. Mgonjwa anakunywa unga miezi kadhaa, kumbe ana kidonda cha tumbo au saratani, anafika kwetu akiwa amechelewa. Ukikonda bila sababu, ukipata choo cheusi au chenye damu, chakula kikikwama kooni au macho yakiwa ya njano, nenda hospitali upimwe. Nawe mwenye kisukari unayeambiwa unga huo unatosha badala ya insulini, usiruke hata dozi moja.