Usimruhusu fundi aguse plasta ya nyumba ya bibi yako kabla hujaipima

Simamisha kazi ya Jumatatu. Mpigie fundi wako simu leo hii, mwambie saruji ibaki dukani, na ikiwa umeshampa kianzio usikihesabu kuwa ni hasara, kwa maana hasara unayoiendea ni kubwa kuliko kianzio hicho mara nyingi sana.

Umeeleza kwamba nyumba ya bibi yako hapo Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyojengwa zama za Waingereza, inabambuka plasta. Kwamba fundi amekushauri aibandue yote mpaka kwenye mawe kisha apige saruji. Na umeuliza kibali kinapatikanaje, bati gani zinakubalika, na kama mlango wa mbele unaweza kuuzwa ili kulipia kazi. Nimeyasoma maneno yako mara mbili na moyo ukaniuma, kwa sababu mwaka 2014 nilisimama mahali ulipo wewe sasa, nikapewa ushauri huo huo karibu neno kwa neno, nikaufuata.

Nyumba yetu iko Kiponda, mtaa mwingine wa Mji Mkongwe huo huo. Chini palikuwa duka, lenye milango ya mbao ya kukunja iliyofunguka upana wote wa njia, na juu yake ghorofa mbili za kuishi, na roshani inayotazama uchochoro. Familia imesema siku zote kwamba aliijenga tajiri wa Kihindi wakati wa himaya ya Waingereza, na babu yetu akaja kuinunua baadaye. Juu ya mlango wa ndani, unaotoka dukani kwenda kwenye ngazi, palikuwa na maandishi ya Kigujarati yaliyofinyangwa kwa chokaa juu ya plasta, mstari mmoja na tarakimu za mwaka chini yake, yaliyokwisha kupakwa chokaa mara nyingi hata ncha za herufi zikawa za mviringo. Nilipita chini ya maandishi yale tangu natambaa, na sikuwahi kuyapiga picha hata moja, kwa sababu kitu unachokiona kila siku hukidhanii kwamba kitakwenda popote.

Siku ya pili ya kazi vijana wa mkandarasi waliyapiga patasi. Niliporudi jioni ukuta ulikuwa uchi, matumbawe yametokeza kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na kifusi kilikuwa kimeshatiwa viroba na kuchukuliwa na gari la hamali. Katika vumbi la ngazi niliokota kipande kimoja, kiasi cha kiganja cha mtoto: mbele kina mkunjo wa herufi moja, nyuma kimechukua sura kamili ya jiwe kilichokuwa kimeshikana nalo, tundu kwa tundu. Ninacho mpaka leo ndani ya kopo la biskuti. Zaidi ya hicho, imebaki picha moja ya harusi ya shangazi yangu, ambamo nyuma ya bega la bibi harusi zinaonekana tarakimu mbili za mwanzo, 1 na 9, na mbili za mwisho zimefunikwa na ushungi. Usidhani kwamba hizo mbili zinatosha. Wagujarati wengi waliandika mwaka kwa kalenda ya Vikram, ambayo iko mbele ya kalenda ya Miladia kwa miaka 56 au 57, kwa hiyo mwaka unaoanza na 19 katika kalenda hiyo waweza kuangukia popote tangu kama 1843 hadi kama 1942. Maana yake ni kwamba leo siwezi hata kumthibitishia mtu kama nyumba yetu ni ya wakati wa Waingereza, waliotangaza himaya yao hapa mwaka 1890, au ni ya enzi za Sultan Barghash na waliomtangulia, kabla yao. Picha moja ya simu ingemaliza ubishi huo.

Hilo ni la moyo. La mfukoni, na ambalo nusura liwe la roho za watu, lilikuwa ufa.

Katika chumba cha nyuma cha ghorofa ya kwanza palikuwa na ufa ulioshuka kutoka pembe ya dirisha. Nafikiri ulikuwapo. Mama yangu anaapa kwamba ulikuwapo tangu yeye ni bibi harusi katika nyumba ile, na mjomba wangu anaapa kwamba haukuwapo. Saruji ilipigwa Februari, jua la kaskazi bado linawaka, kuta zikang'aa tukafurahi. Masika ya mwaka uliofuata chumvi ikaanza kuchomoza kama unga mweupe juu ya usawa wa kiuno, mahali ambapo hapo kabla unyevu haukuwahi kufika, na pembe ya dirisha ikaonyesha mstari. Masika ya mwaka wa tatu mstari ukaingiza sarafu. Nilipomwita mkandarasi aje aone alichokifanya, aliuangalia dakika moja akasema: "Huu ulikuwapo zamani, mimi niliufunika tu." Nikamwambia haukuwapo. Akaniuliza: "Una ushahidi gani?" Sikuwa nao. Sikuwa na picha, sikuwa na kipimo, sikuwa na mstari mmoja wa kalamu, na mtu yule akaondoka na shilingi milioni 14 za familia yetu hali anajua kabisa kwamba sina la kumjibu.

Usiku mmoja wa Mei mwaka huo huo, kipande cha sakafu ya chumba kile kikashuka chini. Watoto wa mjomba, ambao huwa wanalala humo, walikuwa wamehamia sebuleni kwa sababu ya joto la umeme kukatika, na kwa hilo namshukuru Mwenyezi Mungu kila nikikumbuka. Tulipomleta fundi mzee, mtu aliyejifunza kazi ya chokaa kwa baba yake, aliingiza kidole kwenye ukuta ambapo kichwa cha boriti kilikuwa kimelala, akatoa kitu kama tumbaku iliyolowa. Boriti za mikoko huchukua miongo mingi zikiwa kavu, lakini vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta, na ukuta ukiloana vichwa ndivyo vinavyoanza kuoza, mahali ambapo jicho halifiki.

Yeye ndiye aliyenieleza yale ambayo mkandarasi alipaswa kunieleza. Ukuta wa Mji Mkongwe ni unene wa nusu mita au zaidi, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na mchana na usiku unavuta maji kutoka ardhini na chumvi kutoka baharini. Plasta ya chokaa inayaachia maji hayo yatoke. Inabambuka, ndiyo, na ni kazi yake kubambuka, kwani inaumia yenyewe ili jiwe lisiumie, nawe unaipaka upya. Saruji ni ngumu na haipumui. Maji yakishindwa kutokea pale yalipozoea yanapanda juu kutafuta njia, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma, na udongo ulioshika mawe unageuka uji. Kisha saruji inapoanguka haianguki peke yake, inaondoka na uso wa jiwe.

Mkandarasi aliniambia nini? Aliniambia chokaa ni ya watu wa kale waliokosa saruji. Alijitambulisha kwangu kuwa ni mtaalamu wa majengo ya kale, akanionyesha picha za kazi zake, zote zimepigwa siku kazi ilipomalizika na si hata moja iliyopigwa baada ya masika matatu. Sina msamaha naye. Mtu asiyejua anaweza kusamehewa, lakini mtu anayeshika nyundo juu ya nyumba ya watu bila hata kuuliza kama imeshapimwa, huyo amejua anachokifanya, kwa sababu nyumba isiyo na kumbukumbu haiwezi kumshitaki.

Sasa nisikilize, kwa kuwa hili ndilo lililonigharimu. Kabla patasi haijagusa ukuta, nyumba nzima iwe imeshaingia kwenye daftari. Usiseme utapima wakati kazi inaendelea, wala usiseme fundi atakumbuka. Fundi mzee aliniuliza boriti zilikuwa ngapi katika chumba kile, zilielekea upande gani, na zilikaa kimo gani kutoka sakafuni. Nami niliyezaliwa humo sikuweza kumjibu hata moja, tukawa tunakisia kwa kuangalia chumba cha jirani.

Kazi yenyewe haihitaji msomi. Chukua daftari la miraba, futi kamba ndefu, timazi ya kupimia kama ukuta umesimama wima, na mpira wa maji ule ule ambao mafundi hutumia kusawazisha. Vipe vyumba namba na kuta herufi, ukianzia upande wa kaskazini na kuzunguka kwa mkono wa kulia, ili kila picha na kila kipimo kiwe na anwani yake. Usidhani chumba ni mraba. Hakuna chumba cha mraba Mji Mkongwe, kwa hiyo pima pande nne kisha pima pembe kwa pembe, mara zote mbili, la sivyo mchoro wako hautafunga. Urefu wa ukuta wenye madirisha usiupime kipande kwa kipande na kujumlisha, kwani kosa dogo la kila kipande linajikusanya. Shika mwanzo wa futi kamba penye kona na usiuachilie, soma kila ukingo wa dirisha na mlango mpaka mwisho. Unene wa ukuta upime ndani ya uwazi wa dirisha. Vidaka, ndoano za taa, bawaba, komeo, hata matundu ya misumari iliyoshika mapazia ya bibi yako, yaandike yote. Wewe hujui leo kipi kitaulizwa kesho.

Kila ufa upige picha ukiwa na rula pembeni yake, kisha bandika kipande chembamba cha glasi juu yake kwa jasi, uandike tarehe. Ukuta ukitembea glasi itakatika, nawe utajua kwamba ufa uko hai na umeanza kusogea lini. Mwisho wa unyevu uwekee alama ya penseli kila mwezi. Palipobambuka tayari, kwangua taratibu eneo dogo lisilozidi karata ya kuchezea, uhesabu matabaka ya rangi. Kwetu, katika chumba kimoja kilichosalimika, yalitokea tisa, na la chini kabisa lilikuwa la samawati ambayo hakuna mzee aliyekuwa hai aliyeikumbuka. Kipande cha plasta na kipande cha chokaa ya kati ya mawe vitie kwenye mifuko, uandike vimetoka ukuta gani.

Na wakae wazee wazungumze ukiwa umewasha kinasa sauti. Waulize majina ya waliopanga, nani alipachika roshani, ukuta gani uliongezwa. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina mafaili ya serikali ya himaya, lakini ukienda mikono mitupu unakuwa kama mtu anayemtafuta mtu sokoni bila kujua jina lake.

Umeuliza juu ya kibali. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 mji wote umo katika urithi wa dunia wa UNESCO, kwa hiyo huwezi kubandua tu kwa sababu nyumba ni yenu. Utatakiwa kuonyesha nyumba ilivyo na unachotaka kukifanya. Mtu mwenye michoro na picha anazungumza na maofisa juu ya kitu kilicho mezani. Mtu asiye navyo anazungumza juu ya maneno yake matupu, kama nilivyokuwa nikizungumza na mkandarasi wangu.

Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya vijumba vyetu tu. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, jumba ambalo kila mtoto wa Unguja anaweza kulichora kwa kufumba macho, sehemu yake ya mbele ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafariki. Jumba lile limepigwa picha tangu siku zake za mwanzo, kwa hiyo linajulikana kila nguzo ilisimama wapi. Nyumba ya bibi yako ikishuka, nani ana picha yake?

Una siku nne kabla ya Jumatatu. Nyumba ya ghorofa moja, watu wawili wanaipima kwa siku mbili, ya tatu ni ya picha, ya nne ni ya wazee. Futi kamba ina ncha mbili na huwezi kuishika peke yako, hivyo kama huna mtu, mimi Jumamosi asubuhi baada ya chai nitakuwa Malindi. Nitumie ujumbe unielekeze uchochoro, nami nitakuja na timazi yangu.