Maswali ya kalamu: "Napenda kuchukua fursa hii" tena?

Mwalimu, naomba sampuli ya barua ya kuomba ufadhili wa kikundi chetu. (Ngaramtoni)

Sitoi. Niliwahi kukaa upande wa pili wa meza, tunapitia maombi, tukakuta vikundi viwili vimeleta barua moja. Wa pili walisahau hata kufuta jina la kata ya wenzao. Zote mbili zikawekwa kando kabla chai haijapoa. Niambie nani ataisoma, mnataka shilingi ngapi, za kununua nini. Ukishaweza kunijibu hayo, barua unayo.

Nimeandika tangazo la mkutano wa Saccos yetu lisomwe redioni. Mtangazaji kalikata nusu. Ana haki? (Moshi, Majengo)

Kakuonea huruma, mimi ningelikata lote. Umeanza hivi: "Uongozi wa Saccos unapenda kuchukua fursa hii adhimu kuwatangazia wanachama wake wote popote pale walipo kwamba kutakuwa na mkutano mkuu wa mwaka utakaofanyika…" Pumzi imekwisha, siku haijatajwa. Hiyo ni hotuba ya mgeni rasmi, na ugonjwa huu umetuingia wote: barua, ripoti, hadi kadi za harusi.

Msikilizaji wako yuko sokoni anapanga nyanya mafungu. Neno likimpita, hana pa kurudi kulisoma. Jaribu hivi: "Mwanachama wa Saccos, mkutano mkuu ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, ukumbi wa kata. Njoo na kitabu chako cha akiba. Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi." Na uandike "saa tatu" kwa maneno. Ukiandika 09:00, kuna siku mtangazaji mwenye usingizi atawatangazia watu saa tisa.

Hukuuliza, lakini nakuambia: ujumbe huohuo ukiutuma kwa simu, meseji moja hubeba herufi 160. Ukitia kale kauso kanakocheka, nafasi inashuka hadi 70, na Saccos italipia meseji tatu badala ya moja. Kicheko cha bei hiyo waachie wenye pesa.

Naandika filamu fupi. Mhusika anamkumbuka marehemu baba yake. Nionyesheje anachofikiri?

Kamera haioni mawazo. Mpe koti la baba, ashindwe kuligawa.

Ninaongoza watalii Kilimanjaro. Bosi anataka nimwandikie makala ya tovuti. Nimeanza: "Safari isiyosahaulika kwenye paa la Afrika." Vipi? (Marangu)

Futa. Kila kampuni mjini ina sentensi hiyo, na mtu wa Ujerumani anayelinganisha bei usiku wa manane ameshaipita mara tano. Mita 5,895 pia anazijua. Wewe unajua asiyoyajua. Mwambie njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala, kwingine ni mahema. Mwambie mnatoka kibanda cha Kibo karibu na saa sita usiku kwenda kileleni, maji ya kwenye mrija yanaganda, ndiyo maana unawageuzia chupa kichwa chini: barafu huanzia juu, mdomo unabaki wazi. Aya hiyo moja itauza kuliko "isiyosahaulika" kumi. Usitie chumvi kuhusu siku za kupanda, lakini. Bosi atataka uandike kwamba siku tano zinamtosha kila mtu. Mgeni akiugua huko juu, wa kumshusha ni wewe.

Nisipoandikisha hadithi yangu, haki si yangu?

Ni yako tangu ulipoiandika. Tunza rasimu zenye tarehe.

Mteja anasema atanilipa kazi "ikishatoka". Nikubali? (Sakina)

Fundi cherehani wa mtaani kwako hashiki mkasi bila kianzio. Chukua nusu kwanza, na mwandikiane ni mara ngapi atarudisha kazi kwa marekebisho. Mimi nilisahau kipengele hicho, nikaandika upya kipeperushi kimoja mara tisa kwa bei ya mara moja.

Mwalimu, una sampuli ya wasifu wa kazi? (Njiro)

Rudi juu, swali la kwanza.