Jino moja, na Dani alitoa sita

Nyanya yangu, Dani tulivyomwita, hakuwa na meno sita ya mbele upande wa chini. Hayakuoza. Yaling'olewa akiwa msichana, kwa desturi ya nak ambayo Waluo wa rika lake waliipitia bila ganzi. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwamba nimepanda matatu kutoka Kisumu hadi Nakuru kwenda kupasuliwa ili kuokoa jino moja, alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena: "Jino moja? Na Dani alitoa sita akaendelea kula nyama?"

Jino lenyewe ni la mbele, juu. Mwaka 2015 bodaboda ilituangusha karibu na Kondele, neva ya jino ikafa. Mzizi ukasafishwa na kujazwa, ndani kikawekwa kigingi na juu kofia. Likakaa kimya miaka saba. Asubuhi moja, nikipiga mswaki, ulimi ukagusa kitu kama punje ya mtama kwenye ufizi. Hakikuuma. Kikajaa, kikapasuka, mdomo ukapata ladha ya chumvichumvi, kikapotea. Wiki mbili baadaye kikarudi.

Nilifanya ambalo wengi wetu hufanya: nikameza antibiotiki zilizobaki za mtoto wa dada. Usinifuate. Dawa husafiri na damu, na ndani ya mzizi uliokufa hakuna damu inayopita. Uvimbe unatulia, wadudu wanabaki mle ndani wakingoja.

Kliniki ya kwanza ilinichukua dakika tano, na bila picha yoyote nikaambiwa tung'oe. Nilikaribia kukubali, maana kung'oa ni bei rahisi na uchungu wake ni wa siku moja. Kilichoniokoa ni woga wangu wa kucheka na pengo mbele ya wateja. Leo mtu akiniambia ameambiwa ang'oe, humwambia aulize swali moja tu: "Daktari, umeonaje kwamba shida iko kwenye jino hili?"

Daktari wa pili alijibu swali hilo kabla sijaliuliza. Alichukua uzi mwembamba wa mpira, wa aina ile ile wanayojazia mizizi, akauingiza taratibu kwenye tundu la kile kijipu, kisha akapiga eksirei. Kwenye picha uzi ulipinda kama njia ya panya ukaenda kuishia kwenye ncha ya mzizi wangu, katikati ya doa jeusi. Doa hilo ni mahali ambapo mfupa umeliwa.

Kwa kawaida, alinieleza, jino la namna hii hufunguliwa tena kupitia kwenye kofia na mzizi kusafishwa upya. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na ukiambiwa upasuaji uulize kwa nini hiyo imerukwa. Kwangu sababu ilikuwa kile kigingi: kukichomoa kungeweza kupasua mzizi. Basi wangeingia kwa mlango wa nyuma, kupitia ufizi. Na kama mzizi tayari una ufa wa wima, hakuna ujanja, utang'olewa. Nilipenda kwamba alisema hivyo mapema.

Nakuru, chumba cha kungojea kilijaa watu wenye meno ya kahawia, yale ya maji yenye floraidi ya Bonde la Ufa. Walikuwa na shida zao. Mimi nilidungwa ganzi, ikaongezwa tena ufizi usitoke damu nyingi, halafu nikasikia kuvutwavutwa tu. Daktari alikuwa ameinamia hadubini, kichwa hakigeuki. Alikunja ufizi, akafungua kidirisha kidogo kwenye mfupa, akakata milimita 3 za ncha ya mzizi. Kwa nini 3? Kwa sababu vijifereji vingi vya pembeni, ambavyo kusafisha kupitia kwenye kofia hakuvifikii, viko katika kipande hicho. Akapaka rangi ya buluu kutafuta ufa. Hakukuwa na ufa. Kisha kifaa chembamba kinachotetemeka kwa kasi kikachimba tundu dogo ndani ya mzizi kutoka upande huo wa ncha, likazibwa kwa dawa inayoitwa MTA.

Hapa nicheke kidogo. MTA imetokana na saruji ya Portland, binamu wa ile anayokoroga shemeji yangu kwenye mijengo ya Mamboleo, ila imesafishwa na kuongezwa madini ya kuifanya ionekane kwenye eksirei. Faida yake ni kwamba huganda hata palipo na unyevu, na mfupa huikubali. Zamani mzizi ulizibwa kwa amalgamu, tundu likichimbwa bila hadubini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliojumlisha tafiti nyingi, ulipata mafanikio ya asilimia 59 kwa njia ya zamani na 94 kwa hii mpya. Kwa hiyo mjomba akikuambia "huo upasuaji haufanyi kazi", huenda anasema kweli ya enzi zake.

Usiku nililala kwa shangazi, mfuko wa barafu shavuni, dakika kumi kuweka na kumi kutoa. Uvimbe ulizidi siku ya pili na ya tatu. Nilidhani kimeharibika kitu, kumbe ndivyo unavyokwenda. Uji, ugali laini, dawa ya kusukutua. Kubwa kuliko yote: usiinue mdomo mbele ya kioo kutazama nyuzi. Mimi niliinua, ukafunguka mmoja, nikakaripiwa kama mtoto. Siku ya tano zikatolewa.

Gharama? Kama kodi yangu ya miezi mitatu. Sitasema ni kidogo. Ila ulizia pia bei ya jino la kupandikiza kabla hujaona kung'oa ndiko nafuu, na tafuta jina la daktari kwenye sajili ya KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno Kenya, mtandaoni kabla hujalala kwenye kiti chake.

Baada ya mwaka nilirudi kupigwa picha. Palipokuwa na doa jeusi pamekuwa peupe, mfupa umejirudishia. Sharti nililopewa ni moja, kutomenya miwa kwa jino hilo. Muuza miwa wa Kibos sasa hunikatia vipande kwa kisu bila kuulizwa, na kila mara huniita mzee.